Mbadala wa Rugaya

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ile lilikuwa chai. Moeneeb Samsodien alimwekea mama mkwe wake kikombe upande wa kulia, mahali ambapo mkono wake ungekifikia bila kupapasa, akakoroga.

"Umetia kijiko kimoja," alisema Mama Galiema. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umempofusha mwaka wa sita sasa, na masikio yake yalikuwa yamechukua kazi ya macho.

"Viwili, Mama."

"Kimoja na nusu. Nimekisikia."

"Daktari alisema kimoja."

"Basi aje anywe yeye."

Ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Agosti, na mvua ilikuwa ikipiga mabati ya mtaa wa Salt River tangu adhuhuri. Ukumbini chetezo kilifuka ubani, kama kila mkesha wa Ijumaa. Siku thelathini na nane zilikuwa zimepita tangu azikwe Rugaya, mke wa Moeneeb na mtoto pekee wa Mama Galiema. Jumamosi ingekuwa arobaini yake.

Moeneeb aliingia chumba cha nyuma kupanga mbio za jioni.

Walikuwa watu wanane waliokutana kila Alhamisi baada ya sala ya magharibi, kila mtu nyumbani kwake mbele ya runinga yake, kushindana katika mchezo wa magari. Yeye na Rugaya ndio walioanzisha chama hicho miaka tisa nyuma. Moeneeb alisomesha hesabu sekondari, kwa hiyo kazi ya kutunga mbio ilimwangukia yeye: kuchagua njia, kuamua kama kutakuwa na mvua au jua, na kuwapima wapinzani wa kompyuta ambao wangejaza nafasi zilizobaki. Kazi hiyo watu huidharau mpaka waifanye. Mpinzani wa kompyuta akiwa hodari mno, watu hukata tamaa katika mzunguko wa tatu na kuanza kugongana kwa makusudi. Akiwa dhaifu mno, wanashindana na maboksi. Kati ya hapo pana uwazi mwembamba, na Moeneeb aliutafuta kwa namba tatu: namba ya kasi, namba ya ukali, na namba ambayo watungaji wengi huisahau, ya kukosea. Asiyekosea hana utamu wa kushindana naye.

Chama kilikuwa na kanuni moja. Nafasi ya mtu haiachwi tupu. Mtu akiwa zamu, au amefiwa, au mkewe amejifungua, Moeneeb aliweka dereva wa kompyuta kwa jina lake na namba yake, akampima kwa mbio zake kumi za mwisho, ili pointi za msimu zisiharibike. Walimwita mbadala. Wiki tisa za ugonjwa wa Rugaya, mbadala alimwendeshea gari lake jekundu, namba ishirini na saba. Alipokufa, hakuna aliyemwambia Moeneeb amwondoe, naye hakuuliza.

Jioni ile alitaka tu kumpima vizuri. Mpaka hapo alikuwa amemkadiria. Sasa alifungua kumbukumbu zote, mbio mia nne na kumi na mbili, akakokotoa. Kasi ilitoka sabini na moja. Aliyaingiza makosa yake moja moja: kushika breki mapema kwenye kona ya saba, kuogopa ukingo wa kushoto, kulegea katika mzunguko wa mwisho anapoongoza. Kisha akafanya jambo ambalo kwa miaka tisa aliwakataza wenzake. Mchezo ule una mpangilio wanaouita kamba: dereva wa kompyuta hufungwa na dereva mmoja wa kweli, akitangulia humsubiri, akiachwa humfikia. Moeneeb aliuita udanganyifu. Jioni ile alimfunga mbadala kwenye gari lake mwenyewe, kwa umbali wa sekunde nne.

Alipoandika jina, mashine ilikataa. Ilisema yupo tayari dereva aitwaye Rugaya. Andika jina jingine. Msikiti wa mtaa wa pili ulikuwa umeanza kuadhini. Moeneeb hakufikiri. Aliandika jina kama lilivyosomwa juu ya kaburi, siku mtalakini, msomaji wa dua ya kaburini, alipoinama na kumwita marehemu kwa jina la mama yake: Rugaya binti Galiema.

Mashine ikakubali.

Mbio zenyewe zilikwenda vizuri. Toyer, fundi wa kunyoosha bodi za magari, mwenye mdomo mwingi kuliko breki, aliwatania wote kwenye hedifoni tangu mwanzo.

"Mwalimu, leo maboksi yako yamekula nini? Hili la kijani limenipita kama nimeegesha."

"Ulikuwa umeegesha, Toyer. Ukutani."

"Nilikuwa napumzika. Mimi mtu mzima."

Katika mzunguko wa tisa gari jekundu lilimfikia Toyer kwenye mteremko. Lilikaa nyuma yake kidogo. Kisha likawasha taa mara mbili, fupi, likapita.

Rugaya hakuwahi kumpita mtu bila kumwomba njia hivyo. Watu walimcheka kwa sababu hiyo miaka tisa.

Toyer akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu. Umemfundisha na adabu?"

"Hapana," Moeneeb alisema. "Dereva wa kompyuta hana taa. Hakuna mahali pa kuziweka."

*

Ijumaa, alipofungua mlango akitoka shuleni, mwadhini alikuwa akimalizia, na alisikia injini. Runinga ya chumba cha nyuma ilikuwa imewaka. Gari jekundu lilikuwa limesimama kwenye mstari wa kuanzia, peke yake, likinguruma taratibu. Mama Galiema alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani, uso ameuelekeza kwenye sauti.

"Nani aliwasha, Mama?"

"Imejiwasha. Amerudi."

"Ni mashine, Mama. Ina hitilafu."

"Moeneeb, mwanangu, mimi nimekuwa nikimsikia akirudi nyumbani kwangu tangu yuko darasa la kwanza. Mama humjua mtoto kwa anavyofunga mlango. Huyu ni yeye, ndiye anayebadilisha gia."

Alipaswa kuchomoa waya. Badala yake alikaa kwenye kiti cha dereva, akashika usukani, na gari jekundu likaondoka polepole mbele yake, sekunde nne, likishika breki mapema kwenye kona ya saba. Waliendesha mpaka isha. Hakukuwa na mashindano yoyote. Alipokosea lilimngoja, alipokaza mwendo likakaza. Alipozima mashine, macho yalikuwa yakimuuma kwa kutopepesa, na chumba kilikuwa kikinuka kafuri, harufu ile kali ya kuingia puani, inayobaki kwenye zulia baada ya jeneza kutoka.

Jumamosi majirani walikuja, arobaini ikasomwa, chakula kikaliwa. Mama Galiema hakugusa wali. Alisema atakula na mwanawe magharibi.

Basi ikawa hivyo kila siku. Adhana ikianza, runinga iliwaka. Moeneeb aliacha kubaki shuleni kusahihisha. Alirudi mapema, akaketi. Alijiambia kwamba mtu aliyefiwa ana haki ya ujinga fulani, kwa muda. Alijiambia pia kwamba mama mkwe wake hajawa na furaha hivi tangu Julai, na hilo lilikuwa kweli: mwanamke yule aliyekuwa akigombana na vijiko sasa alikaa ametulia, akitabasamu kwenye giza lake, akiuliza tu, "Sasa yuko wapi? Kona gani?" naye akimjibu, "Ya nne, Mama. Anapanda."

Kila Jumamosi asubuhi alimpima uzito kwa ajili ya daktari wa sukari, akaandika kwenye daftari. Siku ya arobaini alikuwa kilo sitini na moja. Jumamosi iliyofuata, hamsini na nane. Ile ya baada yake, hamsini na nne, na Moeneeb alipomshika mkono kumshusha kwenye mzani, pete yake ya ndoa ilidondoka ikaviringika chini ya kabati.

"Mama, lazima ule."

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Nilichopewa," alisema, na pumzi yake ilinuka kafuri.

Siku ile ile alifungua mipangilio ya mbio, akidhani atasahihisha kitu. Namba ya kasi ya mbadala ilikuwa sabini na nane. Hakuwa ameigusa. Mashine ile huweka kumbukumbu ya kila badiliko na tarehe yake, naye aliisoma kama anavyosoma daftari la mwanafunzi anayemshuku: sabini na moja, sabini na nne, sabini na nane. Alilifungua daftari la daktari, akaliweka kando ya runinga. Sitini na moja na sabini na moja, mia moja thelathini na mbili. Hamsini na nane na sabini na nne, mia moja thelathini na mbili. Hamsini na nne na sabini na nane. Alijumlisha tena kwa kalamu, ingawa ni hesabu ambayo mtoto wa darasa la pili hahitaji kalamu kuifanya.

Alijua basi. Na Jumapili, adhana ilipoanza, aliketi tena akashika usukani. Hili hakumwambia mtu kwa muda mrefu.

*

Jumanne kikao cha walimu kilichelewa. Alifika mtaani jua limekwisha zama, na kabla hajatia ufunguo alisikia injini mbili.

Aliita. Hakuitikiwa. Ukumbi ulikuwa baridi kuliko nje, na harufu ilikuwa nzito hivi kwamba alifunika pua kwa kola ya koti, na alipokuwa akitembea ile njia fupi ya hatua kumi na moja kutoka mlangoni mpaka chumba cha nyuma aliona kwamba vikombe vyote mezani vilikuwa vimegeuzwa kifudifudi, kama wanavyogeuza vyombo vya nyumba maiti akiwa ndani, na akasikia sauti ya mama mkwe wake ikisema kwa upole, kwa furaha, kama mtu anayeongozwa mkono barabarani, "Ndiyo, mwanangu, naja, nenda tu, nakuona," na alipousukuma mlango alimwona yule bibi wa miaka sabini na tatu, ambaye hakuwahi kushika usukani wa gari la kweli wala la mchezo, ameketi kwenye kiti cha dereva bila viatu, mikono yake myembamba ikigeuza usukani kushoto na kulia kwa wakati wake halisi, macho yake meupe yameelekea dirishani na si kwenye runinga, na kwenye runinga magari mawili mekundu yakienda bega kwa bega, yote mawili namba ishirini na saba, yakishika breki pamoja, mapema, kwenye kona ya saba.

Alichomoa waya ukutani. Runinga haikuzimika. Alimnyanyua Mama Galiema kutoka kwenye kiti, naye alikuwa mwepesi kama kapu la nguo, na miguu yake ilikuwa na baridi ambayo Moeneeb aliijua, maana aliishika mara moja mwezi wa Julai.

"Niache," Mama Galiema alinong'ona. "Amesema umebaki mzunguko mmoja tufike nyumbani."

"Hapa ndipo nyumbani, Mama."

"Kwako," alisema. "Kwako wewe."

*

Tietie Jorayda, maana yake Dada Jorayda, alikuwa mwosha maiti wa wanawake wa mtaa ule, mwanamke mnene wa miaka sitini, mcheshi, mwenye mikono laini kupita kiasi. Watu walimwendea pia kwa mambo ambayo hawakutaka kumwambia imamu. Alimsikiliza Moeneeb jikoni kwake bila kumkatiza, akimenya viazi.

"Ulimwita kwa jina la mama yake," alisema mwishoni.

"Ndiyo."

"Magharibi. Alhamisi. Ubani unafuka. Kabla ya arobaini." Aliweka kisu chini. "Mwalimu, shuleni wanakulipa kwa akili au kwa tai?"

Moeneeb aliishika tai yake.

"Basi sikiliza. Rugaya nilimwosha mimi. Mara tatu, nikamfunga, akatoka nyumbani kwako msafi. Hakubaki. Huyo ni karini wake, jini aliyezaliwa naye siku moja. Miaka arobaini na moja amekaa begani kwake. Anajua anavyokohoa, anavyoendesha, anavyowaomba watu njia. Mtu akikata roho, karini huachwa. Wengi huzurura siku arobaini kisha hutawanyika, kama moshi. Wako alikuwa akizurura hapo mlangoni, na wewe ukafungua, ukampa jina, ukampa na kiti."

"Ni mbaya?"

"Ni mfiwa," alisema Tietie Jorayda. "Kama wewe. Mfiwa hali, halali, na akimshika mtu hamwachii. Anamnyonya bibi yule bila kukusudia, kama mtoto anavyonyonya."

"Mbona si mimi?"

"Wewe umemfunga kwa ile kamba yako, akae nawe sawa sawa, asizidi wala asipungue. Sasa nguvu atazitoa wapi? Kwa aliye karibu asiye na kamba."

Moeneeb alisogeza ganda la kiazi mezani.

"Nimfute tu? Nibonyeze kitufe, nimfute?"

"Ukifuta jina, yeye atakwenda wapi? Atabaki ndani ya nyumba bila kiti, na hapo ndipo utakapoijua kazi. Aliitwa, lazima aagwe. Mfungue kamba, mpe nguvu zake zote, aende mbele, wewe usimfuate. Na bibi amwachie kwa kinywa chake, kwa hiari yake." Alichukua kiazi kingine. "Huo mchezo, wanakwenda wapi?"

"Vipi, Tietie?"

"Hayo magari. Yanatoka wapi kwenda wapi?"

"Yanazunguka. Ni mzunguko."

"Kwa hiyo akienda mbele sana anatokea nyuma yako."

Miaka tisa Moeneeb alikuwa ametunga mbio za kuzunguka tu, kwa sababu Rugaya alipenda kuijua njia.

"Tafuta barabara yenye mwisho," alisema Tietie Jorayda. "Na bibi akikataa kumwachia, usimlazimishe. Mkumbushe jambo moja. Maiti humjua anayemwosha. Nani alimshika miguu siku ile, mimi najua, na bibi anajua."

*

Usiku wa Jumatano, Mama Galiema alilala kwa jirani, akilalamika kwa sauti ambayo haikufika dirishani. Asubuhi ya Alhamisi mzani ulisoma hamsini. Kasi ya mbadala ilisoma themanini na mbili.

Moeneeb alitunga mbio kwa uangalifu kuliko mbio zozote alizowahi kutunga. Alichagua barabara ndefu kuliko zote mchezoni, kilomita sitini na nne, kutoka mji wa pwani kupita milima hadi kwenye uwanda mkavu, bila njia ya kurudi. Aliwaambia wenzake leo hakuna mashindano. Toyer, ambaye alikuwa na neno kwa kila jambo, aliandika tu: "Tunakusomea dua, Mwalimu." Magari yalikuwa mawili. Aliondoa kamba. Kasi aliipandisha mpaka mia, mwisho wa kipimo. Makosa aliyafuta moja moja: breki za kona ya saba, woga wa ukingo wa kushoto, kulegea anapoongoza. Kila alilofuta, alilifuta polepole. Alipomaliza palikuwa na namba tu.

Mama Galiema alikuwa ameketi pembeni, amefunikwa blanketi. Tietie Jorayda alisimama mlangoni, mikono imelowa maji ya waridi.

Adhana ikaanza. Runinga ikawaka.

Kafuri ilishuka chumbani kama nguo iliyolowa. Taa za kuanzia zilizimika, na gari jekundu likaondoka kwa mwendo ambao Rugaya hakuwahi kuuendesha, likawa doa kwenye barabara nyeupe, kisha, kabla ya daraja la kwanza, likapunguza. Likasimama. Lilikuwa likingoja, bila kamba, kwa hiari yake.

"Moeneeb."

Ilitoka kwenye hedifoni iliyokuwa mezani, sauti ndogo, ya kawaida, sauti ya mtu anayeita kutoka chumba cha pili kuuliza chumvi iko wapi.

"Moeneeb, mbona huji?"

Mguu wake ulikuwa tayari juu ya kanyagio; hakukumbuka kuuweka. Gari lake lilisogea urefu wa mtu mmoja. Aliinua miguu yote miwili, akaikunja juu ya kiti kama mtoto anayeogopa sakafu baridi, akaishika kwa mikono, na akakaa hivyo, mwalimu wa miaka arobaini na nne, huku ile sauti ikimwambia mambo ambayo mtu mmoja tu duniani aliyajua, kuhusu nyumba waliyotaka kununua na jina walilokuwa wamemwekea mtoto ambaye hakuja, bila lawama, bila haraka, na injini ikinguruma chini yake kama pumzi.

Kisha ikasema, "Mama. Njoo wewe basi. Umebaki mmoja."

Mama Galiema alisukuma blanketi, akasimama.

"Mama," Moeneeb alisema. "Muulize kitu kimoja. Muulize, siku ile anaoshwa, nani alimshika miguu."

Uso wake ulimgeukia kwa hasira, kisha polepole ukageukia runinga.

"Mwanangu," alisema. "Siku ile. Nani alikushika miguu?"

Injini iliendelea kunguruma. Sauti haikuja. Upepo ulitikisa dirisha, na Tietie Jorayda pale mlangoni alikuwa akisoma chini ya pumzi.

"Nijibu, mwanangu."

Hakuna.

Mama Galiema alitafuta kiti kwa nyuma ya magoti, akaketi. Aliposema tena sauti yake haikuwa ya mtu anayesema na mwanawe, ila ya mtu anayesema na mtoto wa jirani aliyemkuta akilia mlangoni.

"Nilikuwa mimi. Wewe hukuwepo. Ulikuwa umeachwa nje, maskini. Miaka yote umekaa naye, halafu wakafunga mlango, wakakuacha nje." Alijifuta uso kwa blanketi. "Najua. Hata mimi nimeachwa. Lakini hapa si kwako, na mimi si wako. Kanala, tafadhali, mwanangu. Nenda."

Gari jekundu lilikaa pale kwa muda ambao Moeneeb baadaye hakuweza kuukadiria. Halafu likaondoka. Halikukaza mwendo. Lilipita daraja, likapanda mlima kona baada ya kona, likawa dogo, likawa nukta, na hata nukta ilipokwisha waliendelea kusikia injini, na Mama Galiema, ambaye masikio yake yalizidi ya wote, aliisikia robo saa baada ya wenzake kuacha kuisikia. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa, ukiwaomba wanyamaze. Kisha akaushusha.

Walingoja mpaka isha. Kwenye orodha ya matokeo, mbele ya namba ishirini na saba, mashine iliandika kwamba dereva bado yuko njiani. Moeneeb alibonyeza swichi, na kioo kikawa cheusi.

*

Asubuhi aliupiga mzani teke la kuusogeza chini ya beseni, asimpime mtu. Alipika uji. Mama Galiema alikula nusu bakuli, hakuuliza habari ya sukari. Moeneeb alipiga simu shuleni akasema atachelewa, akamvalisha mama mkwe wake koti zito, akamkalisha kwenye gari.

"Unaendesha kama umebeba mayai," alisema walipofika barabara kuu. Yalikuwa maneno yake ya kwanza.

"Barabara imelowa, Mama."

Siku ya mazishi wanawake walibaki nyumbani, kama desturi yao ilivyo. Jeneza lilitoka, wanaume wakaondoka nalo, na Mama Galiema alisikia mlango wa gari ukifungwa. Baada ya hapo hakuwa na habari nyingine ya mwanawe. Moeneeb ndiye aliyeshuka ndani ya kaburi kumpokea. Hakuwahi kumsimulia.

Makaburi yalikuwa kwenye mteremko, na mvua ilikuwa imeotesha nyasi fupi. Alimwongoza kati ya vibao, akimtajia kila hatua palipo na jiwe. Alipofika alisimama.

"Ni hapa, Mama."

Mama Galiema alipiga magoti kwa shida, akiegemea bega lake. Viganja vyake vilishuka hewani mpaka vikagusa udongo. Alivitembeza kushoto, kisha kulia, akiupima urefu wake, akarudi katikati.

"Kichwa kiko upande gani?" aliuliza.

Moeneeb aliuchukua mkono wake, akauweka.